Torgbui na Mashine Mpya Thelathini

S.L.P. 41,
Fiakofe, karibu na Anloga.
Jumanne, 14 Oktoba.

Mpendwa Papa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti la Mama limepungua uvimbe tangu aanze kulichua. Mwambie asiache dawa kwa sababu tu ameona nafuu ya siku mbili, namjua. Sisi huku hatujambo. Elinam ameota jino la pili na sasa anauma kila kitu kinachomkaribia, hata pua ya baba yake. Vitunguu vimevunwa vizuri mwaka huu. Mji mzima unanuka vitunguu, mpaka mkate.

Najua ulinipigia simu mara mbili wiki iliyopita na sikupokea. Nisamehe, Papa, haikuwa dharau. Nilijua nikisikia sauti yako nitalia, na nikilia utaniambia ninyamaze, basi, yaishe. Mimi sitaki yaishe hivyo. Nataka uyasikie yote tangu mwanzo, bila mtu kunikatiza, na bila wewe kulazimika kunijibu papo hapo. Sijui umesikia nini na kutoka kwa nani. Haya ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyatenda kwa mikono yangu.

Unajua kwamba tangu mwaka juzi mimi ndiye msimamizi wa maabara ya kompyuta hapa shuleni. Maabara lilikuwa jina tu. Kati ya kompyuta nane tulizopewa na benki fulani ilipobadilisha vifaa vyake, saba zilikwisha kufa. Ilibaki moja, kubwa kama kreti la soda, yenye umri wa miaka kumi na miwili. Ikiwashwa inavuma kama mashine ya kusaga mahindi. Wasichana wanaiita Torgbui, kama wanavyomwita babu yeyote mwenye mvi na makelele, na wakiingia maabara wanaipigia magoti kwa mzaha kabla ya kuiwasha.

Torgbui peke yake ndiye aliyekuwa akiifanya kazi ya Mwalimu Akorfa. Huyu ni mwalimu wetu wa jiografia, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, rafiki yangu. Wasichana wake wa kidato cha tatu hurusha droni juu ya ufuo, kisha picha mamia zinaunganishwa kwenye kompyuta ziwe ramani moja inayoonyesha bahari imekula mpaka wapi, nyumba kwa nyumba. Mwaka huu ramani hiyo haikuwa kazi ya darasani tu. Kamati ya wilaya inayohamisha watu wa ufuoni ilisema nyumba itakayohesabiwa ni ile iliyomo katika ramani itakayowasilishwa kabla Septemba haijaisha. Upande wetu kuna kaya thelathini na nane. Baadhi yao wakifungua mlango wa nyuma wanakanyaga maji.

Kwa hiyo wazazi walichanga, wakaamua kununua kompyuta mpakato mpya thelathini. Mkataba ulitaja prosesa yenyewe kwa jina na namba: toleo jipya, viini kumi. Nikuelezee kidogo, Papa, maana najua utauliza. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote ndani ya kompyuta, na viini vyake ni kama vibarua shambani. Vibarua kumi wenye nguvu humaliza tuta mapema. Vibarua wawili dhaifu, hata kama wameajiriwa leo asubuhi na wamevaa mashati mapya, jua litawakuta palepale.

Mashine zilifika mwanzoni mwa Septemba. Zilikuwa nyembamba, za rangi ya fedha, kila moja na kibandiko kinachong'aa chenye jina la ile prosesa. Wasichana walipiga vigelegele. Madam Dzigbordi, mkuu wetu wa shule, alipiga picha akiwa ameishika moja kifuani kama mtoto mchanga. Mmoja wa wasichana alimwendea Torgbui, akamfunika kitambaa, akamwambia, "Babu, sasa pumzika, umetutendea mema."

Siku nne baadaye Akorfa aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. Alikuwa amepanga picha mia mbili na arobaini katika moja ya mashine mpya saa mbili asubuhi, akaenda kufundisha vipindi vyake vyote, akala ugali wa akple na supu ya bamia, akarudi, na kazi ilikuwa bado haijaisha. Akasema, "Sitsofe, hii mashine yako ni bibi harusi. Inapendeza, lakini haitaki kushika mwiko."

Nilimjibu kwamba labda amekosea mipangilio. Akaniambia nije nikosee mwenyewe.

Basi nikaanza kupima. Nilifanya kazi hiyo siku tatu, kwa umakini ambao sijawahi kuuweka katika jambo jingine lolote. Nilichukua picha zilezile, programu ileile, mipangilio ileile. Torgbui alikuwa na kumbukumbu nyingi kuliko mashine mpya, kwa hiyo nilimfungua nikamtoa kadi moja ya kumbukumbu, asije mtu akasema amependelewa. Zote nilizichomeka ukutani, zisifanye kazi kwa betri. Kila baada ya zoezi nilizizima zikapoa kabisa, kwa sababu prosesa ikipata joto hupunguza mwendo ili isiungue. Nilirudia kila zoezi mara tatu. Torgbui alimaliza kwa saa moja na dakika kumi, zikizidi au kupungua dakika mbili. Mashine mpya ilichukua saa nne na dakika arobaini. Nikajaribu nyingine, halafu nyingine, jumla tano kutoka maboksi tofauti. Hakuna iliyochukua chini ya saa nne na nusu.

Sikutaka kumwonea mtu. Najua mpya si lazima ishinde ya zamani katika kila jambo. Zipo prosesa zinazotengenezwa leo kwa ajili ya kazi nyepesi tu, za bei nafuu, zinazokula umeme kidogo sana, na hilo si kosa. Nilipima hata umeme. Torgbui alikula zaidi ya mara saba ya ule wa mashine mpya, na nikaliandika hilo katika daftari kwa herufi kubwa, kwa sababu ni kweli. Lakini mkataba haukusema tunanunua prosesa ya kazi nyepesi. Ulisema viini kumi.

Ukifungua ukurasa wa taarifa za mashine, ilikuwa imeandikwa vilevile, jina lilelile la kwenye kibandiko. Ndipo nilipofungua ukurasa mwingine, ule unaoonyesha kila kiini kinavyotoka jasho. Nilitarajia kuona mistari kumi. Ilikuwa miwili. Nikachukua bisibisi, nikafungua mgongo wa mashine. Prosesa ya aina ile tuliyoagiza, katika mashine ya aina ile, huwa na feni. Humo ndani hamkuwa na feni, kulikuwa na kipande cha bati tu. Nikakitoa, nikapangusa ute wa kupitishia joto, nikasoma namba iliyochongwa. Ilikuwa prosesa nyingine kabisa, ya viini viwili. Mtu alikuwa ameketi mahali fulani akabadilisha jina kwenye skrini, mashine moja baada ya nyingine, mara thelathini.

Niliketi sakafuni. Akorfa alinikuta hapo. Hakutania.

Nilimpigia muuzaji mara tatu katika siku mbili. Mara ya kwanza alisema nimekosea kusoma. Mara ya pili alisema hata yeye alizipokea hivyo kutoka bandarini Tema, nimpe muda. Mara ya tatu alicheka kidogo, akasema wasichana wa kuchapa barua za maombi ya kazi hawahitaji viini kumi, wala hakuna mtu Fiakofe atakayejua tofauti. Baada ya simu hiyo nilikwenda kwa Madam Dzigbordi na daftari langu.

Kikao cha wazazi kiliitwa Jumamosi, tarehe ishirini na saba, katika ukumbi wa shule. Muuzaji alialikwa, akaja na shati lililopigwa pasi vizuri. Mwenyekiti wa wazazi ni Bwana Kpodo, mkulima wa vitunguu, mtu mpole mwenye sauti inayofika mpaka barabarani. Muuzaji aliruhusiwa kusema kwanza, akasema vizuri sana. Alieleza kwamba teknolojia husonga mbele, kwamba mashine ya mwaka huu haiwezi kuzidiwa na mashine iliyotupwa na benki, na kwamba fundi asiyejua kazi hulaumu chombo. Baadhi ya wazazi walinigeukia, wakitikisa vichwa.

Nilisema sina hotuba. Juu ya meza nilikuwa nimepanga mashine tatu. Ya kwanza Torgbui. Ya pili moja ya zile mpya, iliyochaguliwa na Bwana Kpodo mwenyewe kwa kufumba macho. Ya tatu ilikuwa ya shemeji yake Akorfa, mpima ardhi, nayo ilikuwa na prosesa ileile hasa iliyoandikwa katika mkataba wetu. Kila moja tuliipa picha arobaini za ufuo wetu wenyewe. Wazazi watatu walishika simu zao kuhesabu muda, kila mmoja na mashine yake. Tukabonyeza pamoja.

Ile ya mpima ardhi ilimaliza kwa dakika nne. Watu wakaguna. Tukakaa. Torgbui alivuma mpaka mama mmoja akauliza kama ataruka. Dakika ya kumi akamaliza, ramani ikajitokeza, na mzee mmoja aliyekuwa mbele akasimama akaonyesha kwa fimbo, "Lile pale paa langu!" Ukumbi ukacheka. Mashine mpya ilikuwa haijafika theluthi.

Bwana Kpodo akauliza, "Kwa hiyo huyu kijana ameshindwa na babu?"

Akorfa akamjibu kutoka nyuma, "Si kushindwa, Mwenyekiti. Babu amekwisha kula, ameoga na amelala. Kijana bado anatafuta viatu."

Muuzaji alisema picha si kazi ya kawaida, na kwamba umeme wa Torgbui utaifilisi shule. Nikakubali mbele ya wote kwamba kuhusu umeme amesema kweli, nikasoma tarakimu zangu. Kisha nikauliza swali moja tu: mashine ya kwanza kumaliza na hii ambayo bado inahangaika zina kibandiko kimoja na jina moja kwenye skrini, mbona moja imetumia dakika nne? Akaanza kukunja mikono ya shati lake. Tulisubiri. Hakuna aliyetoka nje. Dakika ya thelathini na saba mashine mpya ikamaliza, na wakati huo hakuna aliyekuwa akicheka tena. Nikaigeuza, nikafungua mgongo wake, nikampa Bwana Kpodo kioo cha kukuzia asome namba mwenyewe. Akaisoma kwa sauti yake ile, tarakimu moja moja.

Ramani, nikuondoe wasiwasi, ilikamilika. Torgbui na ile ya mpima ardhi zilifanya kazi Jumapili kutwa na Jumatatu asubuhi, na Akorfa akaipeleka wilayani mwenyewe siku ya mwisho. Kaya thelathini na nane zote zimo.

Sasa, Papa, keti vizuri.

Nimeandika "muuzaji" tangu mwanzo wa barua hii na sikumtaja jina. Ulipuliza filimbi viwanjani miaka ishirini, na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mwamuzi hutazama mguu na mpira, hatazami jezi. Nilitaka kwanza utazame mguu na mpira. Muuzaji ni Efo Edudzi. Ni mwanao, kaka yangu. Hapa hakuna aliyejua, kwa sababu mimi hapa naitwa kwa jina la mume wangu, na yeye aliomba kazi kwa jina la kampuni yake.

Na hilo si yote. Siku lori lilipofika, Efo alikuja nalo. Sheria yetu ni kwamba msimamizi wa maabara afungue maboksi, apime, kisha asaini kwamba mali ni sawa na mkataba, ndipo malipo yatoke. Efo alinikumbatia kwa siri nyuma ya lori, akasema dereva anawahi Tema, akasema, "Dada mdogo, saini tu. Unadhani mimi naweza kukuletea uchafu?" Nikasaini. Sikufungua hata boksi moja. Nilisaini juu ya boneti ya lori, mvua ikinyunya, nikacheka naye. Malipo yalitoka siku ileile kwa sababu ya sahihi yangu. Kabla ya Efo kuwadanganya wale wazazi, mimi nilikuwa nimekwisha kuwaambia kwamba nimeona nisichokiona.

Katika kikao, Bwana Kpodo aliponishukuru kwa uaminifu wangu na watu wakaanza kupiga makofi, sikuweza kuyabeba makofi yale. Nilisimama tena. Nikawaambia sahihi iliyotoa malipo ni yangu, na kwamba sikupima, na kwamba yule pale ni kaka yangu wa tumbo moja. Nilimwona Madam Dzigbordi akivua miwani. Sikumtazama Efo. Niliogopa.

Alinisubiri nje kando ya gari lake. Akaniuliza, "Umefurahi sasa?" Nikamwambia sijafurahi.

Akasema, "Ungeniita pembeni, Sitsofe. Ndugu huitana pembeni."

Nikamjibu kwamba nilimwita mara tatu kwa simu, na mara zote tatu alikuwa pembeni, peke yake, hakuna aliyemsikia ila mimi.

Akafungua mlango wa gari. Kisha akasema, "Na lile bati jipya juu ya kichwa cha Papa, unadhani lilitoka wapi?"

Nikamwambia, "Kama lilitoka kwenye biashara kama hii, Efo, basi afadhali Papa alowe."

Hilo nililisema. Nakuomba radhi wewe na Mama kwa kulisema, maana ninyi ndio mnaolala chini ya bati hilo na mimi nalala kwangu pakavu. Lakini silifuti. Nimejaribu siku nyingi kutafuta namna ya kulisema kwa upole zaidi, na kila nikilipunguza linakuwa uongo.

Kamati ya wazazi ilimpa Efo siku kumi na nne alete mashine zilizo katika mkataba, au jambo liende polisi. Mimi nimepewa barua ya onyo, imewekwa katika faili langu, na nimetolewa kwenye kamati ya ununuzi. Baba Elinam alitaka nikate rufaa. Nimekataa. Onyo ni halali yangu. Maabara nimeachiwa, kwa sharti kwamba kila kipimo nitakachoandika kisainiwe na mtu wa pili, na mtu huyo ni Akorfa, ambaye husaini kwa madaha kama waziri.

Jumamosi iliyopita, siku ya kumi na nne yenyewe, lori liliingia getini. Efo alishuka peke yake, bila shati la pasi. Hakunisalimu, nami nilimsalimu. Alishusha maboksi thelathini kwa mikono yake, akayapanga barazani, akajifuta jasho, akasema neno la kwanza tangu siku ile: "Pima. Zote."

Nilizipima zote. Kazi ilichukua Jumamosi na Jumapili nzima, na muda wote huo Efo alikaa kwenye benchi la baraza, bila kuingia ndani. Nilimpelekea mkate wa abolo na samaki wa kukaanga, akala. Ishirini na tisa zilikuwa sawasawa, viini kumi, feni ndani, dakika nne au pungufu. Moja ilikuwa na prosesa ya kweli lakini feni yake haikuzunguka, ikapata joto, ikaanza kukokota. Akorfa alinitazama. Ishirini na tisa kati ya thelathini, na mtu ameketi barazani siku mbili. Ningeweza kuandika kwamba zimekamilika, kisha nikatengeneza feni ile mwenyewe kwa nusu saa.

Nikaandika kwamba imeshindwa. Nikatoka nayo nje, nikamwonyesha karatasi. Aliisoma mpaka chini, polepole, kama mtu anayesoma jina lake kwa mara ya kwanza. Akaibeba ile mashine mwenyewe mpaka kwenye lori.

Akasema, "Ijumaa nitaleta nyingine."

Nikamwambia, "Nayo nitaipima, Efo."

Akawasha gari. "Najua," akasema.

Papa, akija kwako usimwombe anisamehe, wala usiniombe mimi nimsamehe. Hatujafika huko, na hatutafikishwa huko kwa kusukumwa. Mpe chakula. Msikilize naye kama ulivyonisikiliza mimi, kisha useme unaloliona. Likiwa juu yangu, nitalipokea.

Msalimie sana Mama, mwambie samaki wakavu aliowaomba nimewafunga vizuri na atawapata kwa mkono wa mchungaji anayekuja huko kwenu Ho mwezi huu. Wasalimie majirani wote wa upande wa kanisa. Baba Elinam anawaamkia, na Elinam anawauma vidole kwa mbali. Mungu awape usingizi mwema na afya.

Ni mimi binti yenu anayewaheshimu,

Sitsofe